Fimbo ya Kutembelea Baada ya Kiharusi: Ni Ipi, Ipimwe Vipi, Ishikwe Mkono Gani?



Katika vijiji vya kambi yetu ya Dzaleka wapo watu ambao walilala wakiwa wazima, wakaamka upande mmoja wa mwili haufanyi kazi. Wengine ni wazee, lakini wengine ni watu wa makamo ambao bado wanasomesha watoto. Mara nyingi tunapofika nyumbani kwao tunawakuta wamelala ndani, kwenye giza, mwezi wa tatu au wa sita sasa. Tukiuliza kwa nini hatoki nje, familia inajibu, "Huyu amekwisha pooza, atatembea na nini?"

Makala hii inajibu swali hilo: atatembea na nini. Tutaeleza vifaa vya kutembelea, namna ya kuvipima na kuvitumia, na makosa ambayo tunayafanya kwa kutojua. Ninayaandika haya nikiwa mfanyakazi wa jamii, lakini pia nikiwa mtoto wa familia ambayo ilikosea. Nitaeleza kosa letu ili wewe usilirudie.

KIHARUSI NI NINI?

Kiharusi ni ugonjwa wa ubongo. Ubongo unaishi kwa damu. Mshipa wa damu ukiziba, au ukipasuka, sehemu ile ya ubongo inakosa damu na inaanza kufa. Ubongo wa upande wa kushoto ndio unaoendesha mkono na mguu wa kulia, na ubongo wa kulia unaendesha upande wa kushoto. Ndiyo sababu mtu anapooza nusu ya mwili. Kwa watu wengi upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoendesha pia maneno. Hivyo basi, aliyepooza upande wa kulia mara nyingi hupoteza na maneno. Hajawa kichaa. Mara nyingi anaelewa mengi anayoambiwa, ila maneno hayatoki. Aliyepooza upande wa kushoto anaweza kusahau kwamba upande ule upo, akagonga mlango kwa bega au akaacha chakula cha upande mmoja wa sahani.

Sababu kubwa ya kiharusi ni presha ya juu, ambayo wengine kutoka Kongo na Burundi tunaiita tansio. Kiharusi hakitokani na kulogwa wala kutupiwa kitu usiku. Nalisema hili bila kumcheka mtu, kwa sababu na sisi nyumbani tulisema hivyo hivyo.

Ukiona uso wa mtu umepinda upande mmoja ghafla, mkono hauinuki, au maneno yanavurugika, mpeleke kituo cha afya saa hiyo hiyo. Usingoje asubuhi. Usimpe chakula, maji wala dawa mdomoni mpaka muuguzi aangalie kama anameza vizuri, kwa maana anaweza kupaliwa na chakula kikaingia mapafuni.

KOSA LETU

Baba mdogo wangu alikuwa fundi cherehani. Asubuhi moja ya masika alianguka karibu na mashine yake, na upande wote wa kulia ukalegea. Wakubwa wa familia walikaa wakasema ni watu wa biashara wamemfanyia. Siku tatu zikapita ndipo tukampandisha kwenye kabaza, mmoja akiendesha baiskeli na wawili tukimshikilia, kumpeleka kituo cha afya. Kutoka pale akapelekwa hospitali, na baada ya wiki chache akarudi nyumbani.

Tulimpenda, kwa hiyo tulimlaza. Tulimlisha, tulimwogesha, tulimkataza asijisumbue. Tulidhani ndiyo heshima. Kumbe mguu ulikuwa unazidi kukauka, bega linauma, na kidonda kikaanza kwenye kalio.

Mimi ndiye niliyekuwa nimesoma sekondari, basi nikataka kuonyesha akili. Nilikata mti wa mkalitusi, nikautengeneza fimbo ndefu kama ile ya wazee wanaokwenda kwenye baraza, karibu kufika kifuani. Nikamwekea mkono wa kulia, ule uliopooza, nikamfunga na kitambaa ili fimbo isitoke. Nilifikiri: upande mgonjwa ndio unaohitaji nguzo. Siku ya tatu alikwenda chooni, fimbo ikateleza kwenye tope, akaanguka juu ya nyonga. Haikuvunjika, namshukuru Mungu. Lakini kwa miezi miwili alikataa kabisa kusimama. Alikuwa hawezi kusema, lakini kila nilipoileta ile fimbo aligeuza uso ukutani.

Baadaye alikuja mtaalamu wa mazoezi ya viungo, yule ambaye watu wa Kongo tunamwita kine. Aliitazama fimbo yangu, hakunigombeza. Aliuliza tu, "Nani aliipima?" Sikuwa na jibu. Sikujua hata kwamba fimbo inapimwa.

KABLA YA FIMBO

Fimbo si kitu cha kwanza. Mgonjwa anapanda ngazi moja baada ya nyingine:

1. Kugeuka kitandani. Ageuzwe kila saa mbili kama hawezi kujigeuza, ili asipate vidonda vya kulala.

2. Kukaa. Akae kwenye kigoda au ukingo wa kitanda, miguu yote miwili ikigusa chini, bila kuegemea mahali.

3. Kusimama. Asimame akishika kitu kisichotikisika, dakika moja, halafu mbili, halafu zaidi. Akiwa ametoka kulala, akae kwanza kidogo, kwa sababu akisimama ghafla anaweza kupata kizunguzungu.

4. Kuhamisha uzito. Akiwa amesimama, aegemee mguu wenye nguvu, halafu ule dhaifu. Watu wengi wanauogopa mguu dhaifu, hawautumii, na usipotumika haujifunzi.

Kwa ngazi ya tatu na ya nne kuna kifaa cha bei ndogo ambacho familia yoyote inaweza kukitengeneza uani: fito mbili. Chimbia nguzo nne imara, kisha funga juu yake fito mbili ndefu zinazolingana, moja kulia na moja kushoto, kwa kimo cha kiuno. Mgonjwa anasimama katikati na kutembea huku akishika. Hakikisha fito ni laini, hazina vijiti vya kuchoma mkono, na mtu mzima akiziegemea kwa uzito wake wote hazitikisiki.

Kupona kwingi kunaonekana katika miezi ya kwanza mitatu hadi sita. Ndiyo maana kumlaza mtu ndani katika miezi hiyo ni kumnyima wakati wake mzuri. Hata hivyo, miezi hiyo ikipita usikate tamaa. Wapo wanaoendelea kupata nafuu baada ya mwaka.

AINA ZA VIFAA

Vifaa ni vingi, na kila kimoja kina mtu wake.

Mkongojo wa mguu mmoja. Hii ndiyo fimbo ya kawaida yenye mshikio. Inamfaa mtu ambaye anaweza kusimama mwenyewe lakini anayumba. Ni nyepesi, na inapita hata kwenye vichochoro vyembamba vya kambi.

Mkongojo wa miguu minne. Juu ni fimbo moja, chini imegawanyika miguu minne midogo. Unasimama wenyewe na unabeba uzito zaidi. Unamfaa mwenye udhaifu mkubwa zaidi. Lakini lazima miguu yote minne iguse chini kwa pamoja. Kwenye njia yenye mawe na mashimo mguu mmoja unabaki hewani, na kifaa kinapinduka. Kwa hiyo ni kizuri ndani ya nyumba na kwenye uwanja uliosawazishwa, si kwenye njia ya kwenda bombani.

Fremu ya kutembelea. Hii ina miguu minne mikubwa na inamzunguka mtu kwa mbele. Inahitaji mikono miwili yenye nguvu ya kushika na kuinua. Inawasaidia sana wazee waliovunjika nyonga. Mtu wa kiharusi ambaye mkono wake mmoja haushiki ataivuta upande mmoja tu, itazunguka, ataanguka. Asipewe mpaka mtaalamu amwangalie.

Magongo ya kwapani. Nayo yanataka mikono miwili. Zaidi ya hayo, ukining'inia kwa kwapa unabana mishipa ya fahamu, na mkono unaweza kufa ganzi. Kwa aliyepooza upande mmoja kwa kawaida hayafai. Tumeona familia zinaazima magongo ya jirani aliyevunjika mguu, kwa nia njema, lakini si kifaa chake.

Kifaa cha kushika kifundo cha mguu. Baada ya kiharusi watu wengi hawawezi kuinua unyayo. Vidole vinaburuta chini na kujikwaa kwenye jiwe dogo. Kipo kifaa cha plastiki kinachopita nyuma ya mguu na chini ya unyayo, kinavaliwa ndani ya kiatu na kuuzuia unyayo usining'inie. Hiki kinapimwa na fundi wa viungo hospitalini. Kila jioni uvue utazame ngozi. Ukiona alama nyekundu isiyopotea, rudi kwa fundi, kwa sababu mguu uliopooza mara nyingi hausikii maumivu na kidonda kinaingia kimya kimya.

Kiti cha magurudumu. Kinamfaa ambaye bado hawezi kutembea, au anatembea nyumbani lakini safari ndefu inamshinda. Kutumia kiti kwenda kanisani, msikitini au sokoni si kukubali kushindwa. Mtu anaweza kutembea kwa fimbo ndani ya uwanja na kupanda kiti siku ya mgao.

NAMNA YA KUPIMA FIMBO

Hapa ndipo tulipokosea, basi nitaeleza polepole.

1. Mgonjwa avae viatu anavyotembelea kila siku. Kandambili zinatoka mguuni. Afadhali sandali ya tairi yenye mkanda nyuma ya kisigino.

2. Asimame wima, mtu akimshikilia. Mkono wenye nguvu uning'inie tu pembeni ya mwili.

3. Pima kutoka chini, penye udongo, mpaka kwenye mkunjo wa kiganja, pale mkono unapoungana na kiganja. Huo ndio urefu wa fimbo mpaka juu ya mshikio.

4. Kama hawezi kusimama, alale chali akiwa amenyooka na viatu vyake mguuni. Pima kutoka mkunjo wa kiganja mpaka chini ya kisigino cha kiatu.

5. Akishika fimbo, kiwiko kikunjike kidogo tu. Bega likipanda juu, fimbo ni ndefu. Akiinama upande, fimbo ni fupi. Anza na fimbo ndefu kidogo, ukate polepole. Uliyokwisha kuikata hairefuki.

Fimbo niliyomtengenezea baba mdogo ilikuwa imezidi kwa urefu wa mkono mzima kutoka kiganja mpaka kiwiko. Mtu akishika fimbo ndefu namna ile hawezi kuisukuma chini, anaishikilia tu kama bendera.

NAMNA YA KUITENGENEZA

Tafuta mti mgumu, ulionyooka, uliokauka vizuri. Mti mbichi unapinda. Angalia kama kuna matundu ya wadudu au fundo kubwa katikati, kwa sababu hapo ndipo unapovunjika. Unene uwe kama mpini wa jembe au pungufu kidogo, kiasi cha kubeba uzito bila kumchosha.

Juu weka mshikio wa kukingama, upana wa kutosha vidole vyote vinne. Uchomekwe na kufungwa kwa boliti au kigingi. Msumari mmoja peke yake hulegea. Zungushia mpira wa ndani wa baiskeli ili mkono usiteleze kwa jasho.

Chini weka mpira. Hili ndilo lililomwangusha baba mdogo, pamoja na urefu. Mti mtupu kwenye tope au sakafu iliyolowa ni kama sabuni. Kata kipande cha tairi la gari, kipana kuliko fimbo, ukipigilie kwa misumari ambayo vichwa vyake vimezama ndani kabisa ya mpira. Kichwa cha msumari kikitokeza, kinateleza kwenye sakafu. Kipande cha kandambili kinafaa kwa dharura, lakini kinaisha haraka. Mpira ukiwa laini bila mistari, badilisha.

Kabla ya kumpa mgonjwa, wewe mwenyewe iegemee kwa uzito wako wote, mara kadhaa. Ikivunjika, ivunjike mikononi mwako.

MKONO GANI?

Fimbo inashikwa na mkono wa UPANDE WENYE NGUVU. Aliyepooza kulia anashika kushoto. Aliyepooza kushoto anashika kulia.

Watu wengi hushangaa wakisikia hivyo. Sababu ni hii: unapotembea, mguu mmoja ukiwa hewani, uzito wote uko juu ya mguu mwingine. Mguu dhaifu unapobeba uzito, mwili unataka kuangukia upande mwingine. Fimbo ikiwa upande huo mwingine, inaukinga mwili, na uzito unagawanyika kati ya mguu dhaifu na fimbo. Tena mkono wenye nguvu ndio unaoweza kuibana fimbo barabara. Mkono uliopooza ukifungiwa fimbo kwa kitambaa, kama nilivyofanya mimi, hauwezi hata kuiachia mtu anapoanguka.

NAMNA YA KUTEMBEA

Kwenye njia tambarare:

Kwanza, peleka fimbo mbele, kiasi cha hatua fupi.
Pili, peleka mguu dhaifu, ufike karibu na fimbo.
Tatu, peleka mguu wenye nguvu.

Fimbo, dhaifu, mzima. Fimbo, dhaifu, mzima. Msaidizi aseme kwa sauti mpaka mgonjwa azoee. Watoto wa nyumbani kwetu waliufanya kama wimbo, na baba mdogo, ambaye alikuwa hasemi, akaanza kuitikia kwa kichwa.

Kwenye ngazi au mwinuko: unapopanda, mguu mzima unatangulia, halafu fimbo na mguu dhaifu vinafuata. Unapoteremka, fimbo inatangulia, kisha mguu dhaifu, na mguu mzima unakuja mwisho. Shika hivi: mzima hupanda kwanza, mgonjwa hushuka kwanza.

Kugeuka: geuka kwa hatua ndogo ndogo nyingi. Usizunguke juu ya mguu mmoja, wala usipishanishe miguu.

Kukaa: rudi nyuma mpaka miguu iguse kiti. Peleka mkono wenye nguvu ushike kiti. Kaa polepole. Watu wengi wanaanguka hapa, kwa sababu wanajitupa kabla hawajafika.

WEWE UNAYEMSAIDIA

Simama upande wake DHAIFU, nyuma kidogo. Mfunge mkanda imara kiunoni, au kitenge kilichokunjwa na kufungwa fundo gumu, ukishike hapo. Usimvute mkono uliopooza na usimnyanyue kwa kwapa. Bega la mkono uliopooza limelegea. Ukilivuta linateguka, na maumivu yake yanadumu. Sisi tulikuwa tunamnyanyua baba mdogo kwa mkono huo kila siku, tukishangaa kwa nini analia usiku.

Usimharakishe. Usimsemeshe mambo mengi anapotembea, maana akili yake yote iko mguuni. Na usimfanyie kila kitu. Kile anachoweza kukifanya kwa dakika kumi, mwachie dakika zake kumi.

Akianguka, usikimbilie kumwinua. Muulize au mtazame wapi panauma. Kama nyonga inauma sana, au mguu mmoja umekuwa mfupi au umegeukia nje, usimsimamishe. Mfunike, ita wahudumu wa afya. Kama hana maumivu, lete kiti au kigoda imara, ajisukume kwa mkono na mguu wenye nguvu huku wewe umeshika mkanda.

NYUMBA NA NJIA YA CHOO

Fimbo nzuri kwenye njia mbaya haisaidii. Anguko la baba mdogo lilitokea kati ya mlango na choo, na familia nyingi zinatuambia hivyo hivyo. Fanyeni haya:

- Sawazisheni njia. Ondoeni mawe na mizizi, fukieni mashimo. Kabla ya mvua za Novemba mwageni kokoto au changarawe. Mvua za huku zinaendelea mpaka Aprili.

- Wekeni kamba imara au fito ya kushika, PANDE ZOTE MBILI za njia. Ukiweka upande mmoja tu, wakati wa kwenda itakuwa kwenye mkono mzima, na wakati wa kurudi itakuwa kwenye mkono uliopooza.

- Chooni, kuchuchumaa hawezi. Toboeni kiti cha mbao na kukiweka juu ya tundu, au tengenezeni kiti cha matofali. Chimbieni nguzo ya kushika upande wa mkono wenye nguvu.

- Usiku pawe na tochi karibu na kitanda, au ndoo yenye mfuniko ndani ya nyumba.

- Ndani, ondoeni mikeka iliyokunjamana, madumu ya maji na waya za kuning'inia njiani.

Kazi hii haihitaji shirika. Vijana wanne wanaimaliza kwa asubuhi moja. Pale kwetu walikuja vijana wa mpira ambao baba mdogo alikuwa akiwashonea jezi.

KIFAA NI HAKI, TENA NI AMANA

Wapo wanaoona aibu kuomba. Tukumbuke kwamba Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, kifungu cha 20, unazitaka serikali kuwasaidia watu wenye ulemavu kupata vifaa vya kutembelea na mafunzo ya kuvitumia. Malawi iliuridhia mwaka 2009. Kifungu cha 11 cha mkataba huo kinazungumzia pia watu walio katika vita na maafa, yaani watu kama sisi. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya vifaa 50 vya lazima, na mikongojo, magongo, fremu na viti vya magurudumu vimo. Kwa hiyo usiseme unaomba hisani.

Hata hivyo, vifaa ni vichache kuliko wanaohitaji. Kwa sababu hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, usiuze kifaa sokoni. Pili, usimwazime mwingine bila kupimwa, kwa sababu kilichokupima wewe kitamwangusha yeye. Tatu, ukipona, au mwenye nacho akifariki, kirudishe ili kipimwe kwa mwingine. Tunajua kurudisha kitu cha marehemu ni kugumu. Lakini fikiria mama fulani amelala ndani anakingoja.

ASIRUDIWE NA KIHARUSI

Aliyepata kiharusi mara moja yuko katika hatari ya kukipata tena, na cha pili mara nyingi huwa kibaya zaidi. Anywe dawa za presha kila siku kama alivyoelekezwa, hata akijisikia mzima. Presha haina dalili za kuaminika, kipimo ndicho kinachosema. Chumvi ipunguzwe: kwa siku nzima isizidi kijiko kimoja kidogo cha chai, pamoja na ile iliyomo kwenye samaki wa chumvi. Aache tumbaku na pombe. Na wewe unayemtunza, nenda ukapimwe presha. Haichukui hata dakika tano.

MASWALI TUNAYOULIZWA

"Akizoea fimbo, si atashindwa kutembea bila fimbo?" Hapana. Kinachomzuia mtu kutembea ni kulala na kuogopa. Anayetembea kwa fimbo anaongeza nguvu, na wengine huiacha. Ambaye haachi, basi anatembea. Hiyo nayo si kazi ndogo.

"Amepooza mwaka mzima sasa, bado inafaa?" Inafaa aangaliwe. Huenda mguu umekakamaa na utahitaji mazoezi kwanza, lakini usijihukumie mwenyewe kwamba haiwezekani.

"Tumpake dawa na kumchanja?" Kumkanda taratibu hakuna ubaya. Kuchanja kwa wembe, na kumkanda kwa maji ya moto sana upande usiosikia, kunaleta vidonda na magonjwa mengine. Na kusiwe sababu ya kuchelewa kwenda kituo cha afya.

MWISHO

Baba mdogo hakurudi kwenye cherehani kama zamani. Mkono wa kulia haujafunguka vizuri, na maneno yanakuja machache. Lakini sasa ana fimbo iliyopimwa, kimo cha kiganja chake, yenye mpira wa tairi chini, mkono wa kushoto. Asubuhi anatoka mwenyewe mpaka kwenye mwembe, anakaa na wenzake, anawaonyesha vijana kwa kidole mahali walipokosea kushona. Siku ya kwanza alipokwenda chooni na kurudi peke yake, alisimama mlangoni, akanitazama, akainua ile fimbo kidogo. Alisema neno moja: "Hii."

Ile fimbo yangu ya kwanza tuliikata tukaifanya nguzo ya njia ya choo. Huko inafaa.

Kama nyumbani kwako, au kwa jirani, yuko mtu aliyelala kwa sababu ya kiharusi, mweleze mfanyakazi wa jamii au mhudumu wa afya wa eneo lako wiki hii. Usingoje aje. Wengi wako nyuma ya milango iliyofungwa, na sisi hatuwezi kumpima mtu ambaye hatujui kwamba yupo.

Haraka haraka haina baraka, lakini katika ugonjwa huu kuchelewa nako hakuna baraka. Msomee makala hii asiyejua kusoma.